Mtoto Anayetaka Sayansi za Jamii Achague Masomo Gani?

Mzazi au mlezi mwenye mtoto wa Gredi ya 9, kuna uamuzi mmoja nyumbani kwako usioweza kungoja hadi matokeo ya KJSEA yatoke. Ni uamuzi wa mkondo. Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipoingia Gredi ya 10, mwanafunzi wa sekondari pevu hasomi tena kila kitu. Huingia katika mmoja wa mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya mkondo huo huchagua masomo matatu, ambayo huongezwa kwenye yale ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Elimu ya Huduma kwa Jamii.

Makala hii inahusu mkondo wa kati, Sayansi za Jamii. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba takriban robo ya wanafunzi wangeufuata. Tumeuchagua kwa sababu ndio unaosemwa vibaya zaidi vijijini na mitaani. Utasikia mzazi akisema, "Huyu wangu hesabu zimemshinda, basi aende huko kwa historia." Kauli hiyo huonekana ya huruma, lakini baadaye humfungia mtoto mlango ambao hata hakujua upo.

Wanasoma nini chuoni?

Shahada za sayansi za jamii ni nyingi: uchumi, sosholojia, anthropolojia, saikolojia, sayansi ya siasa, uhusiano wa kimataifa, kazi ya ustawi wa jamii, masomo ya maendeleo, na jiografia pia kwa upande wake mmoja. Zote zinahusu watu: wanavyoishi, wanavyoamua, wanavyogawana mali na mamlaka. Na karibu zote humtaka mwanafunzi afanye mambo matatu kila wiki: asome sana, aandike hoja inayoshika, na ahesabu. Somo la takwimu hufundishwa mapema katika shahada nyingi za namna hii. Mwanafunzi wa uchumi hukutana na kalkulasi na matriksi kabla hajazoea chakula cha chuo.

Tutumie mfano wa kubuni, wa jambo ambalo kila mkazi analifahamu. Kijiji kina kaya 400 na kinaomba kisima. Fedha zinatosha kisima kimoja tu. Afisa anatumwa kujua kama shida ya maji ni kubwa kiasi cha kutangulizwa mbele ya vijiji vingine. Anafika siku ya soko, anasimama kando ya barabara ya lami, anahoji watu 40. Kumi wanasema hutembea zaidi ya nusu saa kufuata maji. Anaandika: asilimia 25. Kijiji kinashushwa kwenye orodha.

Mwezi unaofuata anatumwa afisa mwingine. Huyu hasimami sokoni. Anaanza nyumba ya kwanza upande wa chini, kisha anahoji kila nyumba ya kumi hadi kilimani. Anapata kaya 40 vilevile, lakini sasa kaya 26 ndizo zinazotembea zaidi ya nusu saa. Hiyo ni asilimia 65. Kijiji ni kilekile na maswali ni yaleyale. Tofauti ni kwamba afisa wa kwanza alihoji watu wa karibu na lami, ambako bomba linapita, na wale mama wa kilimani siku hiyo walikuwa njiani na mitungi yao ya lita 20.

Hapo ndipo sayansi za jamii zilipo. Kuchagua watu wa kuhojiwa ni hisabati. Kusoma ramani na kujua kwa nini maji hayapandi kilimani ni jiografia. Kujua ni lini na kwa nini watu walihamia huko juu, labda baada ya ardhi ya chini kugawanywa, ni historia. Bei ya mtungi mmoja kwa muuza maji wa mkokoteni ni elimu ya biashara. Na kumfanya bibi wa miaka 70 azungumze bila woga, kisha kuyaandika maneno yake bila kuyapotosha, ni kazi ya lugha.

Masomo yenyewe

Mkondo huu una matawi mawili. Moja ni la lugha na fasihi: Fasihi ya Kiswahili, Fasihi ya Kiingereza, lugha za kiasili, na lugha za kigeni kama Kifaransa, Kiarabu, Kijerumani na Kichina. Tawi la pili ni la masomo ya binadamu na biashara: Historia na Uraia, Jiografia, Elimu ya Dini ya Kikristo, Kiislamu au Kihindu, pamoja na Biashara.

Kwa mtoto ambaye bado hajui anataka shahada ipi, na wengi wa miaka 14 au 15 hawajui, sisi tungeanza na Jiografia. Ni somo linalobeba ramani, grafu, takwimu na kazi ya nyanjani kwa pamoja, na linakubalika katika kozi nyingi. La pili, Historia na Uraia. Wengi hulidharau kwa kudhani ni kukariri tarehe. Likifundishwa vizuri, humzoesha mtoto kuuliza: nani alisema hivi, alikuwa na sababu gani, na kuna ushahidi gani mwingine? Swali hilo litamfaa hata akisoma bajeti ya wadi.

La tatu litategemea anakoelekea. Anayefikiria uchumi au masuala ya fedha, Biashara. Anayependa uanahabari, diplomasia au kufanya kazi na wageni, lugha ya kigeni au fasihi. Anayevutiwa na ushauri nasaha au ustawi wa jamii atafaidika na Elimu ya Dini kwa yale yanayohusu maadili na familia. Wa saikolojia angefaidika pia na Biolojia, kwa kuwa huko chuoni atasoma kuhusu ubongo. Kama Biolojia inaweza kuwekwa pamoja na mawili ya mkondo huu, iulizwe shuleni, kwa sababu michanganyiko inayoruhusiwa imeorodheshwa na si kila shule huifundisha yote.

Sasa hisabati. Mwaka 2025 serikali iliamua kwamba Hisabati itasomwa na wanafunzi wote wa sekondari pevu: wa STEM wasome iliyo nzito, na mikondo mingine miwili isome iliyo nyepesi. Nyepesi haimaanishi ya kupuuzwa. Mtoto anayelenga uchumi au takwimu aulize kabla ya kuchagua shule kama ataruhusiwa kusoma ile nzito. Jibu likiwa hapana, familia ikae chini tena, kwani huenda mkondo wa STEM ndio utakaomfikisha kwenye uchumi. Usishangae. Tunachochagua ni safari, na jina la mkondo si jina la kazi.

Elimu ya Huduma kwa Jamii nayo isichukuliwe kama kipindi cha kuokota taka. Humo mwanafunzi hutafuta tatizo la mtaani kwake, hukusanya habari na kupendekeza suluhisho. Kwa anayeelekea sayansi za jamii, hii ndiyo karakana yake. Mzazi unaweza kumsaidia kwa jambo dogo: mruhusu aje kwenye kikao cha maoni ya umma, aketi nyuma, aandike nani alizungumza na nani alinyamaza.

Wale walio Kidato cha Tatu na cha Nne

Kundi la 8-4-4 bado lipo, na KCSE ya mwisho ni ya 2027. Kwao masomo yamekwisha kuchaguliwa, ila juhudi bado inaweza kugawanywa upya. Kuingia shahada kunahitaji wastani wa C+ au zaidi. Lakini wastani peke yake hautoshi. KUCCPS huangalia pia masomo manne ya klasta ya kozi husika, yenye jumla ya pointi 48 kabla ya hesabu nyingine kufanywa, na baadhi ya kozi huweka alama ya chini kwa somo maalumu. Vyuo vingi huhitaji hisabati nzuri kwa shahada ya uchumi. Anayetaka kuwa wakili ajue kwamba, kwa anayepitia KCSE, sheria ya Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya inataja B katika Kiingereza au Kiswahili, juu ya ule wastani wa C+.

Ndiyo maana utakuta kijana ana C+ safi, familia imeshachinja kuku, kisha kozi aliyoiota inakataa kwa sababu ya D moja ya hisabati. Masharti ya kila kozi yapo kwenye tovuti ya KUCCPS, bure. Yasomwe akiwa Kidato cha Tatu, si baada ya matokeo. Aliyepata chini ya C+ bado ana njia ya stashahada, kwa mfano ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii, ambayo huanzia C-, kisha apande hadi shahada baadaye. Ni njia ndefu kidogo, lakini ni ya heshima, na anayeipitia huwa ameshaonja kazi yenyewe.

Kabla ya kuchagua shule

Si shule zote zenye mikondo yote mitatu. Kuna zenye miwili. Na hata shule yenye Sayansi za Jamii inaweza isiwe na mwalimu wa Kifaransa au wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwulize mwalimu mkuu maswali ya wazi: michanganyiko gani inafundishwa, na kila somo lina mwalimu au linangoja mwalimu? Shule ya kutwa iliyo karibu yenye Jiografia, Historia na Biashara zinazofundishwa kweli ni bora kuliko ya bweni yenye jina kubwa inayomlazimisha mtoto kuchukua asichokitaka.

Kwa mujibu wa Katiba, serikali ya kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo maswali ya mkondo na nafasi za Gredi ya 10 yapelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtoto, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako.

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, na sensa hufanywa kila baada ya miaka 10. Mtoto aliye Gredi ya 9 mwaka huu wa 2026 atamaliza Gredi ya 12 mwaka 2029, wakati inapotarajiwa nyingine. Kabla ya hapo, Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023 hadi 2027 utakuwa umemalizika na mwingine kuandikwa. Unaofuata huo huenda ukamkuta yeye ndiye afisa anayepanda kilimani kuhesabu nyumba. Zungumzeni jioni hii, mkiwa na orodha ya masomo mbele yenu, na mwacheni mtoto aanze kusema.