Ukubwa wa Darasa na Ufundishaji wa Insha: Mfano wa Dandora

Makala haya yanajadili faida ya darasa dogo katika ufundishaji wa Kiswahili. Wengi huitaja faida hiyo kana kwamba yajieleza yenyewe. Sisi tutaitazama kwa jicho la mwalimu wa Dandora, mashariki mwa Nairobi.

Mtaa huo ulibuniwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwa na viwanja takriban 6,000 vya watu wa kipato cha chini. Baadaye nyumba za ghorofa za kupangisha zilichipuka viwanjani humo, na watoto wakaongezeka. Januari 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, idadi ya wanafunzi nchini Kenya ilipanda kwa takriban milioni 1, na darasa la watoto 80 halikuwa tena ajabu katika mitaa ya namna hii.

Na tupige hesabu. Mwalimu akitumia dakika 5 kusahihisha insha moja, insha 80 zitamchukua saa 6 na dakika 40. Insha 35 hazifiki saa 3. Mwenye 80, hata awe na bidii ya mchwa, ataishia kutia alama na kufunga daftari. Dandora hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto huja shuleni na Sheng. Sheng si ugonjwa (mtaa uliowalea Kalamashaka hauna sababu ya kuionea haya), lakini mwanafunzi hautambui mpaka kati ya lugha ya mtaani na ya insha ila aonyeshwe katika sentensi yake mwenyewe: umeandika "hizo vitabu", ngeli ya KI-VI hudai "hivyo vitabu". Kazi hiyo haifanyiki ubaoni kwa wote.

Hata hivyo, udogo pekee hautoshi. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichunguza shule za magharibi mwa Kenya kuanzia 2005, ambako madarasa ya kwanza yenye wanafunzi 80 hivi yaligawanywa mara mbili. Waliobaki na walimu wa serikali hawakupata nafuu kubwa, kwani walimu hao walipunguza juhudi. Waliofundishwa na walimu wa mkataba ndio walioendelea vyema.

Basi mwanachama anayekwenda mazoezi ya kufundisha asingoje darasa lipunguzwe. Aligawe katika makundi 4 ya wanafunzi 20, na kila wiki asahihishe kwa kina insha za kundi moja. Hizo ni dakika 100.