Maji ya Mvua Yakitoka Kwetu Yanakwenda kwa Nani?

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wafadhili



Tunaposikia habari za uharibifu wa mazingira, wengi wetu hufikiria ukataji wa misitu au moshi wa viwanda. Katika somo hili tunapenda tujifunze kuhusu miundombinu ya mijini: barabara, mapaa, mitaro na viwanja vilivyosakafiwa. Vitu hivi tunavihitaji, lakini hubadilisha njia ya maji, na mara nyingi anayeumia si yule aliyejenga. Tutaanza na mfano wa Dar es Salaam, kisha tutaangalia viwanja vyetu wenyewe.

1. Mji unayafanyia nini maji?

Ardhi yenye nyasi na miti hunyonya sehemu kubwa ya mvua na kuyaachia maji polepole. Tukiifunika kwa bati, lami na zege, maji hayana pa kuingia. Yanakimbilia bondeni yote kwa pamoja, na mto uliokuwa ukijaa taratibu sasa hujaa kwa muda mfupi.

Wengi hudhani dawa ni kujenga mtaro wa zege. Mtaro unasaidia, lakini kazi yake ni kuyaharakisha maji. Unaliondoa tatizo kwa jirani wa juu na kulifikisha upesi kwa jirani wa chini. Mtaro ukiziba kwa taka, hata wa juu hapati nafuu.

2. Tunajifunza nini kwa Mto Msimbazi?

Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Mashamba na vichaka vya zamani vimekuwa mapaa, na maji yake mengi huteremkia mtoni.

Mwezi Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliukumba mji huo. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha na maelfu walikosa makazi. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande.

Mafuriko pia hubeba uchafu. Katika maeneo yasiyo na mabomba ya maji taka, baadhi ya watu hutapisha vyoo wakati mvua inanyesha, kwa sababu hawamudu gharama za gari la kunyonya. Uchafu huo huingia katika nyumba na visima vya wale wanaoishi chini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani ulitukumbusha gharama ya maji machafu.

Mfano mwingine ni mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma Mei 2016. Basi moja kubwa hubeba abiria wa magari madogo mengi, na huo ni mchango mzuri kwa mazingira. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mafuriko ya mwaka 2018 yaliingia humo. Hapa tunajifunza kwamba hata mradi mwema unaweza kuharibika ukiwekwa katika njia ya maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, bahari au ziwa, ambamo shughuli za kudumu za kibinadamu haziruhusiwi. Hata hivyo, sheria peke yake haimpi makazi mtu anayeishi bondeni kwa sababu kodi ni nafuu na kazi zipo karibu. Ndiyo maana mpango wa bonde la Msimbazi, uliojadiliwa mwaka 2018 na wakazi, wataalamu na viongozi, ulihusu watu pamoja na mto: kuupanua mto, kuweka bustani ambayo maji yanaweza kuifunika bila kuua mtu, kuinua daraja, kuihamisha karakana na kuwalipa fidia wanaohama. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kazi hiyo.

Lakini hata mto ukipanuliwa, maji ya vilimani yataendelea kuongezeka kila kiwanja kinaposakafiwa. Hapo ndipo wajibu wetu unapoanzia.

3. Hesabu ya kiwanja chetu

Kanuni ni rahisi: milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji.

Tuchukue kiwanja chenye paa la mita za mraba 300 na uwanja wa zege wa mita za mraba 700. Jumla ni mita za mraba 1,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50, kiwanja hicho kinapokea lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000 kila moja. Karibu maji yote hayo yanatoka getini na kwenda kwa jirani. Sasa tuangalie namna ya kuyapunguza:

(a) Gata na tangi la lita 10,000. Maji ya mwanzo yamwagwe pembeni, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tukumbuke kwamba tangi lililojaa halizuii mafuriko. Yaliyomo yatumike kusafishia vyoo na kumwagilia, ili kuwe na nafasi mvua ijayo.

(b) Bustani iliyoshuka. Bustani ya mita za mraba 100, ikiwa chini ya uwanja kwa sentimita 15, inashika lita 15,000 hadi ardhi iyanywe.

(c) Handaki la mawe. Handaki la urefu wa mita 10, upana mita 1 na kina mita 1, likijazwa mawe, hubakiwa na nafasi ya karibu theluthi moja. Hizo ni zaidi ya lita 3,000.

Jumla ni zaidi ya lita 28,000, yaani zaidi ya nusu ya maji yote. Aidha, pale ambapo magari hayapiti kila siku, tusimwage zege. Changarawe au matofali yenye matundu ya kuotea nyasi yanatosha. Tutaokoa fedha na hewa pia, maana utengenezaji wa saruji unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Tahadhari: bustani na handaki viwe mbali na msingi wa jengo, choo na kisima. Kabla ya kuchimba, jaribuni udongo. Chimbeni shimo la sentimita 30, lijazeni maji mara ya kwanza yanywewe, kisha jazeni tena na kupima yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa hadi kesho yake, udongo huo haufai kwa handaki. Tegemeeni tangi zaidi.

4. Neno kwa wafadhili

Jengo jipya hupigwa picha, lakini usafi wa mtaro haupigwi picha. Tunawaomba wafadhili wetu waulize maswali mawili kabla ya kuidhinisha mradi wowote wa ujenzi mjini: maji ya mvua yataishia wapi, na nani atalipia matunzo mwaka wa tatu? Gata lililoziba na tangi lililopasuka havimsaidii mtu. Bajeti iwe na fungu la matunzo tangu mwanzo.

Kwa upande wa kamati, mitaro isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Tope na taka vikitolewa viondolewe siku hiyo hiyo. Vikiachwa kando ya mtaro, mvua ya kwanza itavirudisha.

5. Maswali ya kujadili

1. Mvua inaponyesha, maji ya kiwanja chetu yanatoka upande gani, na nyumba za nani ziko chini yetu? Tumewahi kuwauliza?
2. Paa na sakafu yetu vina mita za mraba ngapi? Mvua ya milimita 50 inatoa lita ngapi?
3. Kati ya tangi, bustani na handaki, tunaweza kuanza na kipi kabla ya masika?
4. Nani katika kamati atasimamia matunzo, na kwa fedha ipi?

Tunashauri kamati ikutane siku ya mvua, na kwanza mtembee pamoja mkiyafuata maji kutoka paa hadi yanapoishia. Tunawatakia majadiliano mema.