Mhadhiri Apandavyo Cheo: Mwongozo kwa Wasomi wa Takawiri na Jamaa Zao

Mwaka 2016 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti kuhusu malaria katika visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Takawiri ilikuwemo, pamoja na Mfangano, Kibuogi na Ngodhe. Watafiti walionyesha kwamba watu wengi walikuwa na vimelea damuni bila homa wala dalili yoyote, na kwa baadhi yao vimelea vilikuwa vichache mno hata darubini haikuviona. Makala ya namna hiyo huishi maisha mawili. Kuna yale ya zahanati, yanapobadilisha namna malaria inavyotafutwa na kutibiwa. Na kuna yale ya ofisi za chuo kikuu, yanapogeuka alama kwenye faili ya mtu anayeomba kupandishwa cheo.

Mwongozo huu unahusu maisha hayo ya pili. Umeandikwa kwa kijana wa kisiwani aliyeajiriwa kufundisha Chuo Kikuu cha Tom Mboya kule Homa Bay, au Rongo katika Kaunti ya Migori, au Maseno, na kwa mzazi wake ambaye miaka nenda miaka rudi husikia tu kwamba mtoto "bado hajapandishwa". Wengi hudhani kikwazo ni kujuana. Kujuana kupo, sikatai. Lakini faili nyingi huangukia kwenye hesabu na karatasi, na hayo yanaweza kurekebishwa kabla ya mahojiano.

Nani huamua

Katika vyuo vya umma nchini Kenya mtu huanza kama msaidizi wa kufundisha anayeendelea na masomo, akawa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa kamili. Ombi la kupanda huanzia idarani, ambako mwenyekiti wa idara na wenzake huipitia faili. Huenda kitivoni, kisha kwa kamati ya chuo ya uteuzi na upandishaji vyeo. Kwa vyeo vya uprofesa, machapisho hupelekwa kwa wataalamu wa vyuo vingine wayasome na kutoa maoni. Ngazi ya mwisho ni Baraza la Chuo.

Hapa ndipo watu huchanganya. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, seneti husimamia masomo: mitihani, mitaala, viwango vya shahada. Baraza ndilo mwajiri. Kwa hiyo mhadhiri anayesubiri seneti imtetee kuhusu cheo anasubiri mlango usio wake. Na katika muundo uliowekwa na sheria hiyo, Baraza la chuo cha umma ni la watu wachache: mwenyekiti, wawakilishi wa wizara inayosimamia elimu ya vyuo vikuu na wa Hazina ya Taifa, wajumbe wanaoteuliwa na waziri, na Naibu Chansela. Mhadhiri aliyechaguliwa na wenzake hana kiti humo.

Mtu wa Takawiri ataliona pengo hilo haraka, kwa kuwa ameizoea BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, ya kwao. Pale wenye mashua, wavuvi na wachuuzi wa samaki wana nafasi zao kwenye kamati, na mkutano wa wanachama ndio huichagua. Vyuoni kulikuwa na kitu kinachokaribia hicho: katika vyuo vingi wahadhiri walimpigia kura mkuu wa kitivo chao. Siku hizi mkondo umegeuka. Julai 2021, Chuo Kikuu cha Nairobi kilivunja vyuo vyake vya ndani na kuviunganisha vitivo na shule zake kuwa vitivo 11, kila kimoja chini ya mkuu mtendaji. Mabadiliko hayo yalizua ubishi mkubwa kati ya uongozi na chama cha wahadhiri, UASU. Mkuu anayeteuliwa huweza kuamua mambo upesi. Lakini anayempa kazi ni aliye juu yake, na hilo hukumbukwa na wote siku faili za vyeo zinapokuwa mezani.

Chuo kichanga kina shida yake ya ziada. Rongo kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016 baada ya kulelewa na Moi. Tom Mboya kilipata yake mwaka 2022 baada ya kulelewa na Maseno. Maprofesa wa kukaa kwenye kamati huwa wachache, na idara moja yaweza kuwa na mhadhiri mwandamizi mmoja tu anayetathmini kila mtu. Ukiwa katika idara kama hiyo, uliza mapema ni nani wa kutoka nje ataalikwa kuisoma kazi yako.

Hesabu ya alama

Oktoba 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri. Kabla ya hapo kila chuo kilikuwa na kipimo chake. Vigezo vile vilileta vitu viwili vilivyotikisa watu. Kwanza, mhadhiri alitakiwa awe na shahada ya uzamifu, na wasiokuwa nayo wakapewa miaka 5, hadi Oktoba 2019. UASU ilipinga. Tarehe ikafika, ikapita, na wenye shahada ya uzamili wakabaki madarasani kwa wingi. Hata hivyo matangazo ya kazi yalishabadilika, na kijana anayeingia leo bila uzamifu ajue anaingia kwa mlango mwembamba.

Jambo la pili ni alama za machapisho. Kwa vigezo hivyo, ili mtu awe mhadhiri mwandamizi zinatakiwa alama 32, na kati yake 24 lazima zitoke kwenye majarida yanayopitiwa na wahakiki. Kwa profesa mshiriki ni 48, na 32 za majarida hayo. Kwa profesa kamili ni 60, na 40 za majarida. Makala moja katika jarida lenye wahakiki huhesabiwa alama 8. Kwa hiyo mhadhiri anayelenga uandamizi anahitaji makala matatu ya namna hiyo kwa uchache, na alama 8 zilizobaki anaweza kuzitafuta kwingine, kwa mfano kwenye sura ya kitabu au makala ya kongamano.

Kuna mtego katika maneno machache ambayo wengi huyaruka: alama hizo ni zile ulizozipata ukiwa katika cheo ulicho nacho sasa. Mtu aliyeandika makala matano akiwa mwanafunzi wa uzamifu, akaajiriwa kuwa mhadhiri, kisha akajaza fomu ya uandamizi kwa makala yale yale matano, anaweza kuambiwa ana sifuri. Andika tarehe ya barua yako ya uteuzi juu kabisa ya orodha ya machapisho iliyopangwa kuanzia mapya, halafu upige mstari chini ya la mwisho lililotoka baada ya tarehe hiyo. Yaliyo chini ya mstari huo ni sifa njema, lakini si alama.

Mtego mwingine ni idadi ya waandishi. Mara nyingi alama hugawanywa kati ya walioandika pamoja, kwa kanuni iliyo kwenye sera ya chuo chenyewe. Hapa nina maoni yangu. Utafiti wa visiwani haufanywi na mtu mmoja. Anahitajika daktari, fundi wa maabara, mtu wa takwimu, na mtu anayeongea Kijaluo au Kisuba vizuri kiasi cha kumweleza bibi kwa nini kidole chake kinadungwa ilhali haumwi. Makala ikitoka ina majina kumi au zaidi, na kila mmoja anaambulia kipande. Mwenzake aliyekaa ofisini akaandika peke yake kurasa 12 za mapitio ya maandishi ya wengine anabeba alama zote 8. Kipimo cha namna hii kinamfukuza mhadhiri kisiwani. Kama unatafiti kwa kundi, kubalianeni kwa maandishi tangu mwanzo nani ataongoza makala ipi, na hakikisha katika kila mradi kuna angalau makala moja ambayo jina lako ni la kwanza.

Malalamiko kuhusu vipimo vya vyeo hayako Kenya tu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilivitaka vyuo viache kumpima mtafiti kwa umaarufu wa jarida alilochapisha, na mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kuachana na kipimo hicho katika kuajiri na kupandisha vyeo. Ni hoja ya kuipeleka kwenye kikao pale kitivo chenu kinapoombwa maoni.

Presha ya alama imezaa pia majarida ya ulaghai. Yanakuandikia barua pepe ya sifa, yanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, na yanataka ada kabla ya mtu yeyote kuisoma kazi yako. Kamati siku hizi huyatambua, na jarida likikataliwa, pesa na makala vyote vimekwenda. Kabla ya kutuma, angalia kama jarida limo katika saraka ya DOAJ au kwenye AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika. Angalia majina ya wahariri, kisha mwandikie mmoja wao umuulize kama kweli anahudumu pale. Anayeandika kwa Kiswahili asidhani amefungiwa nje: jarida la Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mwanga wa Lugha ya Moi, ni majarida ya kitaaluma kama mengine.

Faili yenyewe

Machapisho si yote. Kamati hutazama ufundishaji, usimamizi wa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, fedha za utafiti ulizovuta, na huduma kwa jamii. Kila kimoja kinahitaji karatasi. Kwa makala, weka nakala kamili pamoja na ukurasa wa yaliyomo wa toleo lile. Barua ya kukubaliwa peke yake haitoshi penye kamati kali. Kwa mwanafunzi uliyemsimamia, weka barua ya shule ya uzamili na ukurasa wa kitabu cha mahafali wenye jina lake. Mwanafunzi ambaye hajahitimu hahesabiki, hata kama umemsimamia miaka minne.

Huduma kwa jamii ndiyo hupuuzwa zaidi, na ndiyo ambayo Takawiri inaweza kumsaidia mtu wake. Mhadhiri aliyekuja kuwaeleza kina mama matokeo ya utafiti wa ukaushaji wa omena, au aliyesomesha fizikia shule ya sekondari wakati wa likizo, anahitaji barua yenye tarehe, mhuri na maelezo ya kazi aliyoifanya. Mwalimu mkuu, BMU au chifu anaweza kuiandika. Nanyi kisiwani mna haki ya kudai kitu kwanza. Mtafiti akishuka kutoka boti la Mbita na fomu mkononi, mwombeni kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, na cha kamati ya maadili, na muulize lini atarudi na majibu. Asiyerudi asipewe barua.

Sheria inapobadilishwa katikati

Vyuo hubadilisha sera za vyeo mara kwa mara. Rasimu ikifika idarani, usiisome yote kwa pupa ukachoka kabla ya mambo yenyewe. Tafuta kwanza tarehe ya kuanza kutumika, na kama waliokwisha kuomba watapimwa kwa sera ya zamani au mpya. Kisha angalia alama za waandishi wa pamoja zinagawanywa vipi, orodha ya majarida yanayokubalika inatungwa na nani, na muda wa kukata rufaa ni siku ngapi. Toa maoni yako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mkutanoni huandikwa na katibu kwa sentensi moja, au yasiandikwe kabisa.

Ukinyimwa cheo, omba sababu kwa maandishi. Hiyo si fadhila: Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 vinakupa haki hiyo. Ukitaka kuona sera iliyotumika au kumbukumbu zinazokuhusu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ikikaa kimya unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Rufaa ya ndani ya chuo ije mapema, kwa hoja zinazolingana na sababu ulizopewa. Kama walisema alama hazitoshi, leta hesabu, usilete historia ya uonevu wa idara. Mwakilishi wa UASU aijue kesi yako kabla ya rufaa, kwani baadaye atakuwa anazima moto.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kusikiliza mgogoro wa cheo, lakini majaji kwa kawaida huangalia kama utaratibu ulifuatwa, na hawapendi kujifanya kamati ya wasomi na kuanza kuhesabu alama. Madai ya mkataba wa ajira yana kikomo cha miaka 3 tangu jambo lilipotokea. Miaka hiyo haisimami kwa sababu eti bado mnaandikiana barua na chuo.