Sakafu ya zege kwa stoo ya uani

Swali: Nataka stoo ya mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, Ruziba, Bujumbura. Sakafu nipange bajeti vipi?

Jibu: Anza na ujazo, bei baadaye. Kwa unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2. Mchanganyiko wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) utakula mifuko 9 ya simenti ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.6 na kokoto 1.2, upotevu umo humo. Simenti inunue kwa mkupuo, maana ikiadimika Bujumbura bei huruka. Kinachosahauliwa ni usafiri na mawe ya kujazia chini. Ukiwa karibu na Ziwa Tanganyika, kumbuka mafuriko ya 2024: inua sakafu, hata ikibidi upunguze ukubwa wa stoo ili bajeti itoshe. Fundi mlipe kwa kazi, si kwa siku. Tenga na pesa ya maji. Zege humwagiliwa siku 7.