Dondoo muhimu: Bima ya nyumba ikikataa kukulipa

• Dai sababu kwa maandishi. Jibu la simu halitoshi. Barua itaje kifungu cha mkataba kilichotumika kukunyima fidia.

• Kisome kifungu hicho mwenyewe. Mara nyingi bima ya moto haigharamii mafuriko, isipokuwa kinga hiyo iwe imeongezwa.

• Kusanya ushahidi: picha za bati lililoezuliwa au ukuta uliopasuka, makadirio ya fundi, ripoti ya Zimamoto au polisi, na stakabadhi za ada ya bima.

• Iandikie kampuni rufaa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

• Ukikwama, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Peleka malalamiko yako huko mapema.

• Usisaini hati ya malipo ya mwisho kabla hujaridhika na kiasi.