Pikipiki ya tu-stroki haivuti? Muulize mteja maswali haya kabla hujamtumia spea

Somo la leo ni lenu mnaouza spea za pikipiki Facebook, Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Hata wewe unayeuza pikipiki zilizotumika, kaa hapa, linakuhusu.

Meseji hii unaijua: "Boss, pikipiki yangu haina nguvu. Nitumie kabureta, bei gani mpaka inanifikia?" Mkono unawasha kujibu bei. Subiri kwanza.

Tuseme kabureta unaiuza 60,000 na faida yako ni 12,000. Unaipakia kwenye basi, mteja anaifunga, pikipiki iko vilevile. Anakwambia umemuuzia feki. Ukikubali irudi, faida inapotea, nauli ya kwenda 5,000 na ya kurudi 5,000 zinakuwa hasara yako, na unabaki na kabureta inayonuka petroli. Ukikataa, anakuandika kwenye grupu. Na kumbe tatizo lilikuwa tundu la kifuniko cha tanki limeziba vumbi!

Kwa hiyo shika jambo moja tu leo. Mteja akisema "haina nguvu", muulize: NGUVU ZINAPOTEA WAKATI GANI? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha spea, siyo ubashiri wa kijiweni.

KWANZA, HAKIKISHA NI TU-STROKI

Boxer na TVS nyingi zilizojaa vijiweni ni za mipigo minne. Tu-stroki, yaani ya mipigo miwili, ni kama Yamaha AG100, Yamaha DT125 na Suzuki AX100. Unaitambua kwa sababu oili yake huchanganywa na petroli, au ina tanki dogo la oili pembeni. Moshi wake una ubluu na mlio wake ni mkali. Hizi ndogo hazina valvu za kuseti kichwani, kwa hiyo ukimuuliza mteja "umeseti valvu?" atajua hujui unachouza.

Kwenye tu-stroki, pistoni ikipanda, hewa na petroli vinavutwa kuingia chini yake, ndani ya krenkesi. Ikishuka, inausukuma ule mchanganyiko juu kupitia matundu ya silinda. Maana yake krenkesi nayo ni pampu. Hewa ikipenya popote, nguvu zinapotea hata kama kabureta ni mpya kutoka kwenye boksi.

Haya, twende kwenye maswali.

SWALI LA 1: Injini inapiga kelele lakini pikipiki haiendi?

Mteja yuko gia ya juu, anavuta mafuta, mlio unapanda lakini mwendo haupandi. Hapo injini ni nzima, klachi inateleza. Mwambie kwanza aangalie kama waya wa klachi umekazwa mno. Unatakiwa uwe na ulegevu kidogo kwenye mkono. Aangalie pia kama oili ya gia ni ya aina sahihi. Vyote vikiwa sawa, hapo muuzie klachi pleti.

Akisema hata ikisukumwa kwa mkono ni nzito, anyanyue tairi la nyuma, aweke nyutro, alizungushe. Likigoma, breki imebana au cheni imekazwa kupita kiasi. Hiyo haihitaji spea, inahitaji spana.

SWALI LA 2: Inaanza vizuri, halafu baada ya dakika kadhaa inakosa nguvu?

Mwambie ikianza kuchoka afungue kifuniko cha tanki kidogo kisha aendelee. Ikipona, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Petroli inashuka kwa sababu hewa inaingia nyuma yake. Hewa ikikosa njia, petroli nayo inagoma. Asafishe tundu, amalize. Gharama ni sifuri.

Isipopona, achomoe mpira wa petroli kwenye kabureta na kufungua koki juu ya chombo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto. Petroli inatakiwa itiririke. Ikidondoka tone tone, koki au filta yake imejaa uchafu.

Petroli ikiwa inatiririka vizuri na nguvu bado zinakatika ikipata moto na kurudi ikipoa, shuku umeme: plagi, koili au CDI. Aanze na plagi, ndiyo rahisi kuliko zote. Vitu vya umeme usitume kwa kubahatisha, maana kurudisha huwa ni ugomvi.

SWALI LA 3: Inakosa nguvu ukivuta mafuta kidogo, katikati, au mpaka mwisho?

Swali hili linawatenga wauzaji wanaojua na wanaobahatisha. Kabureta ina sehemu zinazopokezana kazi:

- Kuanzia kufunga mpaka robo ya mkono: jeti ndogo na skrubu ya hewa.
- Kuanzia robo mpaka robo tatu: sindano na nafasi ya klipu yake.
- Robo tatu mpaka mwisho: jeti kubwa.

Kwa hiyo inayokohoa ukianza kuvuta tu, mara nyingi jeti ndogo imeziba. Kuisafisha kunatosha. Kumuuzia kabureta nzima kwa sababu ya punje ya uchafu ni kumuumiza.

Inayokata mwishoni kabisa, kuna kipimo cha bure. Kwenye barabara tupu, ikianza kukata, avute choki kidogo kwa sekunde chache. Ikipata nafuu, petroli ni pungufu: jeti kubwa, koki, au hewa inapenya. Ikizidi kukaba, petroli ni nyingi mno au moshi hautoki. Hapo aangalie filta ya hewa na ekzosi.

SWALI LA 4: Mara ya mwisho ekzosi ilisafishwa lini?

Wengi watakujibu, "Kwani inasafishwa?" Ndiyo. Tu-stroki inachoma oili, na oili inaacha masizi ndani ya ekzosi na kwenye tundu la kutolea moshi la silinda. Dalili ni pikipiki kuwa nzito taratibu mwezi hadi mwezi, huku ikishindwa kasi ya juu. Akitumia oili ya mipigo minne kuchanganyia, masizi yanajaa upesi zaidi na ringi zinaweza kuganda.

Kwenye aina nyingi, bomba la ndani la ekzosi linachomoka kwa kufungua skrubu moja mwishoni. Lichomolewe, likwanguliwe, lirudishwe. Sisitiza lirudishwe! Wapo wanaolitupa wakidhani watapata nguvu. Ekzosi ya tu-stroki siyo bomba la kelele tu. Umbo lake la ndani husaidia kurudisha ndani mchanganyiko mbichi unaotaka kutoroka. Ukiliharibu, unapata kelele na kupoteza nguvu.

SWALI LA 5: Moshi na plagi vikoje?

Mwambie akupigie picha ya ncha ya plagi. Picha moja ina habari kuliko dakika kumi za simu.

- Kahawia: mchanganyiko uko sawa.
- Nyeusi na imelowa: petroli au oili imezidi, au moto wa plagi ni dhaifu.
- Nyeupe: petroli ni pungufu na injini inaungua. HII NI HATARI.

Moshi mzito mweupe usioisha, na oili ya gia inapungua? Oili sili ya krenki upande wa klachi imechoka, injini inakunywa oili ya gia. Na kama ukiachia mafuta mlio haushuki, au unapanda wenyewe, hewa inapenya: ama mpira wa kati ya kabureta na injini umepasuka, ama oili sili ya upande wa magineti imeisha. Fundi anyunyizie maji kidogo kwenye ule mpira injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, amepata tatizo. Asitumie petroli kunyunyizia, ataungua.

Plagi nyeupe au mlio usioshuka, mwambie mteja wako wazi: "Usiiendeshe mpaka itengenezwe." Petroli ikipungua, joto linapanda na pistoni inaweza kujikaza ndani ya silinda ghafla. Tairi la nyuma linajifunga barabarani, tena labda amebeba abiria. Ikimtokea, avute klachi mara moja. Hapa tunaongelea maisha ya mtu, siyo biashara tu.

SWALI LA 6: Kiki ni laini?

Ikiwa nguvu zimepungua kila mahali, chini mpaka juu, na kiki inashuka kama haina kitu, kompresheni imeisha. Fundi mwenye geji apime huku mafuta yamevutwa mpaka mwisho. Kwa pikipiki hizi ndogo, psi 100 na kuendelea ni dalili njema. Chini ya 90, mara nyingi ni ringi, pistoni au silinda.

Usitume ringi kwa jina la pikipiki peke yake! Silinda ikiwa imeshatanuliwa, pistoni yake ni kubwa kuliko ya kiwandani. Omba picha ya juu ya pistoni baada ya kusafishwa. Utaona namba kama 0.25, 0.50 au 1.00. Ringi zifuate saizi hiyo. Na silinda ikiwa na mikwaruzo, ringi mpya hazitasaidia.

Kiki ikiwa ngumu vizuri lakini pikipiki ni nzito kuwaka, haina nguvu chini, na inatema petroli kurudi kwenye kabureta, aangalie ridi valvu. Vile vijani vyake vikimeguka au visipofunga sawasawa, pampu inavuja.

MESEJI YA KUNAKILI

Hifadhi hii kwenye simu yako, itume kila mteja akisema haivuti:

"Karibu sana mkuu. Ili usipoteze hela, nisaidie haya: 1) Ni aina gani ya pikipiki? 2) Nguvu zinapotea ikiwa baridi, ikipata moto, au muda wote? 3) Ukivuta mafuta kidogo, katikati au mwisho? 4) Moshi una rangi gani? 5) Nitumie picha ya ncha ya plagi. 6) Umeshabadilisha nini mpaka sasa?"

Swali la mwisho usiliache. Mara nyingi tatizo limeanza pale fundi alipogusa kitu.

KWA ANAYEUZA PIKIPIKI ILIYOTUMIKA

Usiandike "injini safi, haina shida". Piga video injini ikiwa baridi: kiki, inavyowaka, moshi, kisha ikipanda kilima. Onyesha plagi. Taja kama silinda imeshatanuliwa na saizi yake. Mnunuzi akikuta ulichoandika ndicho kilichopo, hana cha kukudai.

Najua utauliza: nikimwambia mteja asafishe kifuniko cha tanki, mimi nakula nini? Leo hukuuza kabureta, kweli. Lakini plagi, oili, klachi na ringi za kesho atanunua kwa nani? Kwa yule aliyemwokolea 60,000. Naye kijiweni kwake ana wenzake.

Wewe ni spea gani ya pikipiki inarudishwa sana kwenye biashara yako? Andika hapo chini tuichambue. Na kama una mwenzako anayeuza spea, mtumie somo hili.