Mkate, Maji na Usingizi

Maandiko ya kusoma wiki hii: 1 Wafalme 19:1–8, Yohana 6:1–13, Matendo ya Mitume 27:33–37

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako ufungue 1 Wafalme 19. Sitaandika aya zote hapa. Nataka uzisome mwenyewe, pole pole, hata kama unazijua.

Sura ya 18 tunaipenda sana. Pale ndipo moto ulishuka Karmeli, manabii 450 wa Baali wakaaibika, na mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Hiyo tunaihubiri kwenye kesha, tunaihubiri kwenye mkutano wa injili uwanjani, na watu huruka. Sura ya 19 nayo huwa tunaipita mbio tukielekea ile sauti ya utulivu kule Horebu. Katikati hapo kuna aya nne, kuanzia ya 5 hadi ya 8, na hizo ndizo nataka tukae nazo leo.

Eliya ametishwa na Yezebeli. Amekimbia hadi Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, ameingia nyikani mwendo wa siku moja, ameketi chini ya mti na kumwomba Mungu auchukue uhai wake. Huyu ni mtu aliyeona moto ukishuka kwa macho yake juzi juzi tu. Moto wa Karmeli ulikuwa wa kweli, lakini haukumtosha kwa safari iliyofuata.

Sasa Mungu alimpa nini? Hakumshushia moto mwingine. Eliya alilala. Malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia mtumishi wa Mungu halali mara mbili. Alirudi, akamgusa tena, akamwambia ale kwa sababu safari ingemshinda. Kwa nguvu za chakula kile Eliya alitembea siku 40, mchana na usiku.

Usingizi, mkate, maji. Hebu fikiria mtu aandike hayo matatu kwenye karatasi ya ushuhuda na kuyaleta mbele. Tungemwita?

Nauliza kwa sababu mimi husaidia kupanga kipindi cha ushuhuda katika ibada ya pili, na najua yanayoletwa. Gari. Ploti iliyopata hati. Viza. Mtoto kuitwa chuo kikuu. Haya ni mema, na mtu aliyengojea hati miaka kumi aruke tu, simzuii. Lakini kuna watu nawaona, wanakaa safu za nyuma upande wa dirisha, kila Jumapili wanawapigia wengine makofi na wao wenyewe hawajawahi kusimama. Nilimuuliza mmoja wao, dada ambaye ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Akanijibu, "Mwalimu, mimi sina ushuhuda. Nikipata nitasimama."

Mume wake figo zilifeli. Wanaenda hospitali mara mbili kwa wiki, yeye anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kama saa nne hivi, dada anangoja nje kwenye benchi. Ni miaka mitatu sasa. Wameombewa hapa mbele, wamefunga, wamepakwa mafuta. Figo hazijarudi. Mtu akishuhudia uponyaji, dada huyu husema Amina, na ni Amina ya kweli, kisha anarudi nyumbani akijihesabu kama mtu ambaye zamu yake kwa Mungu haijafika.

Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Akasema, "Jana alilala mpaka asubuhi. Halafu akaamka akaitisha chai. Nikampa nusu kikombe, si unajua maji yake tunapima. Akaanza kunichokoza vile alikuwa akinichokoza zamani, ati chai yangu ni nyepesi kama ya bweni. Tukacheka, Mwalimu. Tukacheka mpaka mtoto akakuja kuuliza ni nini."

Alisema hayo kama mtu anayetoa habari za kupitisha wakati. Nikamwambia, dada, huo ni ushuhuda. Akakataa kabisa. "Aa, hiyo ni kulala tu na chai."

Mpendwa, Eliya alipewa kulala tu na mkate. Ikiwa chakula cha malaika kilikuwa mkate wa kuokwa kwenye makaa na maji ya kunywa, basi tumetoa wapi habari kwamba Mungu huonekana tu kwenye gari na viza? Dada yetu anaomba figo, na tutaendelea kuomba naye. Mungu tunayemhubiri ni mponyaji. Lakini wakati anangoja, ameshalishwa mara nyingi chini ya mti wake, na hakuna aliyemfundisha kuona hivyo. Hajasimama bado. Simsukumi.

Baada ya siku hiyo nilisoma kidogo juu ya figo. Figo mbili za mtu mzima, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 kwa siku. Tuhesabu kwa lugha ya mtaa: hiyo ni mitungi tisa ya lita 20. Nyinyi mnaobeba maji kutoka kwa kioski mnajua mitungi tisa inafanya mgongo nini. Kazi hiyo inafanyika ndani yako ukiwa umelala, bila kelele, na karibu maji yote yanarudishwa mwilini. Kinachotoka ni lita moja au mbili tu. Tena angalieni jambo hili. Katika Zaburi 139:13, mahali mwimbaji anaposema Mungu ndiye aliyemuumba ndani, neno la Kiebrania lililotumika, ambalo tafsiri nyingi hulitia kama moyo au viungo vya ndani, maana yake halisi ni figo. Aya inayofuata anashukuru. Miaka mingi nimeisoma Zaburi hiyo na sikujua inataja figo.

Kwa nini basi haya hayatutoki mdomoni? Nafikiri ni kwa sababu hayaondoki. Mnajua vile huwa mtaani stima ikipotea. Giza linaingia, watu wanatafuta mishumaa, simu inazimika, mtoto ana kazi ya shule haijaisha. Halafu saa tatu usiku stima inarudi, na mtaa mzima unapiga kelele! Watoto, wazee, hata yule jirani ambaye hasalimiani na mtu. Hakuna aliyepanga shangwe hiyo wala kushika kipaza sauti. Dakika tano baadaye kila mtu yuko kwenye shughuli zake. Kesho yake taa inawaka jioni nzima na hakuna anayesema kitu. Taa ni ile ile. Sisi hushangilia kinachorudi. Kinachokaa tunakizoea.

Waisraeli walizoea mana. Soma Hesabu 11. Mara ya kwanza waliulizana ni kitu gani hiki, kwa mshangao. Baadaye wakailalamikia kwamba hawaoni kingine isipokuwa hiyo mana tu, wakakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu. Vitunguu vya utumwani! Musa naye aliliona hili mapema, ndiyo sababu katika Kumbukumbu la Torati 8:10 agizo la kumbariki Bwana linakuja baada ya kula na kushiba. Mwenye njaa hahitaji kukumbushwa kuomba. Aliyeshiba ndiye husahau, na aya za 11 hadi 14 zinaeleza jinsi anavyosahau: amekula, amejenga nyumba nzuri, mifugo imeongezeka, moyo umeinuka.

Tuje kwa Bwana Yesu. Yohana 6. Watu ni wengi, wanaume peke yao kama 5,000. Kijana mmoja ana mikate mitano na samaki wawili. Yohana ndiye anayetuambia mikate ilikuwa ya shayiri, na hilo si jambo la kupita. Shayiri ilikuwa nafaka ya bei ya chini. Ukitaka kuona, soma Ufunuo 6:6, ambapo pesa ya kununua kibaba kimoja cha ngano inanunua vibaba vitatu vya shayiri. Yaani huu ulikuwa mkate wa watu wa kawaida, kama kusema ugali na sukuma wiki. Andrea anauliza, hivi vitasaidia nini kwa umati huu? Ni swali la haki. Kwa hesabu yuko sawa.

Yesu akaitwaa ile mikate akashukuru. Angalia mahali shukrani imekaa. Ilikuwa bado ni mitano. Vikapu 12 havijaonekana. Hakushukuru kwa imani kwamba ni mingi, kama wengine tunavyofundishana siku hizi, kwamba ukishukuru Mungu anabanwa aongeze. Sioni hilo kwenye andiko. Alishukuru kama Myahudi yeyote angeshukuru akishika mkate, kwa sababu mkate ni wa Baba. Na Yohana hakusahau. Shuka hadi aya ya 23: anapotaja mahali pale tena, anapaita mahali walipokula mkate Bwana alipokuwa ameshukuru. Mimi ningepaita mahali pa muujiza. Yeye alikumbuka ile sala ya kula.

Lazima niseme mawili hapa, maana neno hili hutumiwa vibaya.

La kwanza, kuna mwajiri anayechelewesha mshahara miezi miwili, ukiuliza anakuambia ushukuru Mungu hata una kazi. Hiyo si shukrani ya Biblia. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu amesikia kelele hizo. Shukuru kwa ajili ya ugali na udai haki yako siku hiyo hiyo, Mungu hachanganyikiwi. Wala tusimfunge mdomo mtu anayelia. Zaburi zimejaa watu wanaolia.

La pili ni gumu zaidi, na naona tunalifanya tukidhani ni kiroho. Tunaenda kuwaona wagonjwa, tukitoka kwenye lango la hospitali mtu anasema, "Kumbe tuna mengi ya kushukuru, angalia wale." Rudi Luka 18:11. Sala ya yule Farisayo ilianza na shukrani! Alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Nikishukuru kwa figo zangu kwa sababu za jirani zimekufa, nimemfanya jirani kuwa ngazi. Figo zangu zilikuwa zawadi hata kama hakuna mtu duniani aliyewahi kuugua. Mgonjwa naye ana zawadi zake, nusu kikombe cha chai na kicheko, na hizo hazihitaji kulinganishwa na za mtu.

Mwisho tusome Matendo 27. Paulo ni mfungwa, yuko merikebuni na watu 275 wengine, na dhoruba imewapiga siku 14. Watu hawajala. Kabla hakujapambazuka Paulo anawasihi wale, kisha anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Wengi pale walikuwa hawamjui Mungu wa Paulo: mabaharia, askari wa Kirumi, wafungwa wenzake. Luka alikuwepo, na anasema wote walichangamka, nao wakala. Dhoruba haikunyamaza kwa shukrani ile. Asubuhi merikebu ilivunjika, na watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine wakishikilia mbao. Kile shukrani ya Paulo ilifanya ni kwamba watu waliokuwa wameacha kula walikula, na walipotupwa majini walikuwa na nguvu.

Ndiyo maana nimewaomba wachungaji tubadilishe kitu kidogo, na wamekubali. Kuanzia Jumapili ijayo, ibada ya pili, dakika kumi za kwanza za ushuhuda zitakuwa za sentensi moja moja, mtu akisimama pale pale alipoketi. Mvua imegonga mabati usiku. Mtoto amekula akamaliza. Maji ya mfereji yamerudi. Nimelala. Hakuna kuja mbele, hakuna kueleza historia, na wenye ushuhuda mrefu watapewa nafasi yao baadaye kama kawaida. Wazee wa zamu tafadhali msiwaulize watu "na sasa Mungu amekufanyia nini hasa."

Kwenye ushirika wa nyumbani Jumatano tutasoma Matendo 27 yote, si aya tano tu, kwa hiyo muisome mapema. Kila mmoja aje na jambo moja lililotokea tangu Jumapili, na alitaje kabla hatujaanza maombi ya mahitaji. Wenyeji msipike kitu kikubwa, chai inatosha. Atakayeshukuru kwa ajili ya chai amtaje pia aliyeichemsha, maana mara nyingi yuko jikoni na hasikii.